Mkazi ni nani? Swali la kamati za shule Mafia

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo kila mtu analijua, na kwa sababu hiyo hakuna anayejisumbua kulieleza. Neno lenyewe ni "mkazi". Tunalisikia katika mikutano ya kijiji, tunalisikia wakati wa uchaguzi, na tunalisikia hasa pale wazazi wanapokutana kuchagua kamati ya shule. Anasimama mtu nyuma ya mkutano, anasema, "Huyu si mkazi," na hapo mambo husimama.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Mafia, ambacho sitakitaja. Wazazi walikuwa wamekaa chini ya mwembe wa shule. Jina la kwanza lililopendekezwa lilikuwa la fundi mmoja wa mashua. Watoto wake watatu walikuwa wakisoma pale pale. Lakini fundi yule alikuwa ametoka Kilwa Kivinje, ambako alikaa miezi minne akitengeneza chombo cha mtu, na alikuwa amerudi nyumbani juma moja tu kabla ya mkutano. Mzee mmoja akasema, "Huyu ni mtu wa safari, si mkazi." Fundi akaketi.

Likapendekezwa jina la pili, la bwana mmoja aliyezaliwa kijijini hapo, mwenye nyumba nzuri ya bati karibu na msikiti. Hapakuwa na aliyepinga. Alikuwa mtoto wa pale, wazee wake wamezikwa pale, na siku ile alikuwepo kwa sababu ya harusi ya mdogo wake. Alipigiwa makofi. Kumbe maisha yake yote yalikuwa Temeke, na watoto wake walikuwa wakisoma huko huko Temeke.

Hakuwa peke yake. Wajumbe wengine kadhaa walichaguliwa siku ile kwa mtindo huo huo. Mwaka uliofuata vikao viliitishwa na mara nyingi akidi haikutimia. Vyoo vya wasichana, ambavyo wazazi walikwisha kuvichangia mawe na mchanga, vilibaki mashimo mpaka masika yakaingia na mashimo yakajaa maji. Wasichana wakubwa wakawa wanaona haya kwenda porini, wanarudi nyumbani kabla ya kipindi cha mwisho, na wengine siku ya pili hawaji kabisa. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Kilichokosekana ni watu wa kukaa kikao na kuamua.

Sasa hebu tujiulize: wazazi wale walikosea wapi? Waliuliza swali lililo sahihi, yaani kama mtu ni mkazi au si mkazi. Lakini walilijibu kwa kipimo cha neno jingine.

Kwanza tukumbushane kamati ya shule ni kitu gani. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ndiyo iliyoweka msingi wa bodi za shule na kamati za shule. Shule ya sekondari ina bodi, na wajumbe wake kwa kawaida huteuliwa. Shule ya msingi ina kamati, na humo ndimo wazazi wanamochagua wenzao. Walimu nao wana wawakilishi wao, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kwa hiyo, katika vyombo vyote vya elimu kuanzia wizarani kushuka chini, kamati ya shule ya msingi ndiyo iliyo karibu zaidi na mzazi, na ndiyo pekee ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuingia kwa kuinuliwa mkono na majirani zake.

Zamani wengi waliiona kamati kama jambo la heshima tu, la kukaa mbele siku ya sherehe. Mambo yalibadilika ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, watoto wakafurika madarasani, na fedha za serikali za uendeshaji na za ujenzi zikaanza kwenda shuleni. Kamati zikatakiwa kufungua akaunti benki, kutengeneza mpango wa shule, kusimamia ujenzi na kuwasomea wazazi mapato na matumizi. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioleta elimu bila ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu mwenyewe. Shule yenye watoto 300 ilitarajia kupata shilingi 1,800,000 za kuendeshea mwaka mzima: chaki, mitihani, matengenezo, ukarabati na kila kitu. Fedha hizo ni chache, na uchache wake ndio unaofanya kila shilingi ihitaji mtu wa kuiangalia.

Basi mjumbe wa kamati ana kazi ya kuangalia. Huwezi kuangalia kitu kisichokuwa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka mjumbe awe mkazi, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Lakini Mafia, neno hili lina matatizo yake. Wilaya ya Mafia ni visiwa. Kipo kisiwa kikubwa chenye Kilindoni, Baleni, Kirongwe, Kanga na Bweni. Na vipo vidogo vinavyokaliwa na watu, kama vile Juani, Chole, Jibondo na Bwejuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 katika wilaya hii, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 66,000. Wengine ni watoto waliozaliwa katika miaka hiyo kumi, na wengine ni watu waliohamia. Wapo walimu na waganga waliopangiwa kazi kutoka bara, wapo wafanyakazi wa hoteli za Utende, wapo wafanyabiashara na wavuvi.

Na wale waliozaliwa humo humo nao hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mvuvi anakwenda dago, anapiga kambi kisiwa kingine au pwani nyingine kwa majuma na miezi, kwa kufuata samaki na upepo. Mwenye nazi au samaki wa kuuza anavuka kwenda Nyamisati na kupanda gari mpaka Dar es Salaam. Tazameni Jibondo. Ni kisiwa cha mawe, udongo wake haba na maji yake ya shida, na watu wake ni mabaharia na mafundi wa vyombo wasio na mfano. Mashamba yao mengi yako Juani, ng'ambo. Mama wa Jibondo anayelala shambani Juani wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege, huyo ni mkazi wa wapi? Mwanawe anasoma Jibondo. Moto anakoka Juani.

Jambo hili si geni kwa Mafia. Mtaalamu wa mila na jamii kutoka Uingereza, Pat Caplan, alifika kijiji cha Kanga kwa mara ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1975 alichapisha kitabu juu ya ukoo, mali na makazi ya watu wa kaskazini ya kisiwa hiki. Alieleza kwamba mtu wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa baba na wa mama pia, na kwa hiyo anaweza kuwa na haki ya ardhi katika zaidi ya mahali pamoja. Ndiyo kusema kwamba babu zetu walikwisha kuona kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na asili nyingi. Hata hivyo mtu huyo mmoja hulima shamba moja kwa wakati mmoja, na hulala katika nyumba moja kwa usiku mmoja.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, tukikisikiliza vizuri. Tunayo maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Mzalia ni mtu aliyezaliwa mahali. Hata akihamia Muscat na kukaa huko miaka 40, hubaki mzalia wa Kirongwe. Mwenyeji ni mwenye mji, mtu anayempokea mgeni na kumkaribisha. Mkazi ni mtu mwenye kukaa. Neno hili la tatu limetoka katika kitendo, na kitendo ama kinafanyika ama hakifanyiki. Wazazi wa kijiji kile waliuliza juu ya mkazi, wakajibu juu ya mzalia.

Sasa tuangalie sheria zetu zinasemaje. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye ni mkazi wa kawaida wa kijiji hicho. Haikutaja kuzaliwa. Mgombea wa uenyekiti wa kijiji, kama wale waliogombea Novemba 2019 na Novemba 2024, naye alitakiwa na kanuni awe mkazi wa kawaida wa kijiji. Kwa diwani, Sheria ya Uchaguzi ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1979 ilimtaka awe mkazi wa eneo la halmashauri. Lakini ukifika kwa mbunge, sharti hilo linatoweka. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka awe raia, awe na umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Hakuna mahali inaposema kwamba lazima mbunge wa Mafia alale Mafia.

Mnaona utaratibu wake? Kadiri kazi inavyoshuka na kumkaribia mwananchi, ndivyo ukazi unavyotiliwa mkazo. Mbunge kazi yake inampeleka Dodoma. Mwenyekiti wa kijiji kazi yake ni kuamshwa usiku watu wakigombana. Mjumbe wa kamati ya shule yumo katika kundi hili la pili. Kazi yake iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Lakini hayo maneno "mkazi wa kawaida" maana yake nini? Je, mtu aliyekwenda dago amepoteza ukawaida wake? Mwaka 1982 majaji wakuu wa Uingereza, katika Baraza la Malodi, walipata kesi ya wanafunzi waliotoka nchi za nje na kudai msaada wa masomo uliokuwa ukitolewa kwa wakazi wa kawaida. Walisema mkazi wa kawaida ni mtu aliyechagua mahali kwa hiari yake, akakaa kwa makusudi yaliyotulia, na mahali hapo pakawa sehemu ya utaratibu wa maisha yake wakati huo, uwe mfupi au mrefu. Safari ya muda haimwondolei mtu ukazi wake. Uamuzi huo haufungi mkutano wa wazazi wa Chole wala wa Bweni, lakini una busara ambayo mvuvi yeyote ataielewa. Mtu wa dago anarudi. Mke wake yupo, watoto wake wapo, na chombo chake kitavutwa kwenye ufukwe ule ule.

Tukitoka nje kidogo tutaona kwamba wenzetu nao wamehangaika na swali hili, na kila mmoja amelijibu kwa kutazama sababu zake. Katika jimbo la Illinois, huko Marekani, mtu anayegombea ujumbe wa bodi ya shule anatakiwa awe ameishi ndani ya wilaya ya shule kwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya uchaguzi. Kwa nini? Kwa sababu bodi hiyo hutoza kodi juu ya nyumba na ardhi za wakazi ili kuendesha shule. Wanasema haifai mtu asiyelipa aamue wengine walipe kiasi gani.

Lakini katika jimbo hilo hilo, sheria ya mwaka 1988 iliunda mabaraza ya shule moja moja katika mji wa Chicago, na humo wakaweka milango miwili tofauti. Wajumbe sita ni wazazi, na mzazi anapimwa kwa mtoto wake kuwa mwanafunzi wa shule ile. Wajumbe wawili ni watu wa mtaa, na hao ndio wanaopimwa kwa makazi. Wapo pia walimu wawili na mkuu wa shule. Kwa njia hiyo hawakumchanganya mzazi na jirani.

Afrika Kusini, kwa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, ilikwenda kwa mtoto moja kwa moja. Wazazi lazima wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, na mzazi haulizwi kwanza nyumba yake iko wapi. Anaulizwa kama ana mtoto pale. Na neno "mzazi" limepanuliwa limchukue pia mlezi, na mtu aliyejitwika wajibu wa kumsomesha mtoto. Jambo hili la mwisho nawaomba mliweke akilini, maana nitalirudia.

Kabla ya hapo lazima nitoe tahadhari, nayo haitoki mbali. Inatoka jirani zetu wa Zanzibar. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, mpiga kura wa Zanzibar alitakiwa awe ameishi jimboni miaka mitano. Baadaye muda huo ulipunguzwa ukawa miezi 36 mfululizo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: watu wasisafirishwe kwenda kupiga kura mahali wasipoishi. Lakini aliyethibitisha kwamba fulani ni mkaazi alikuwa sheha, na sheha huteuliwa, hachaguliwi na wakaazi. Mwaka 2005 ikatungwa sheria ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kitambulisho hicho kikawa ndiyo njia ya kuingia katika daftari. Katika uandikishaji wa mwaka 2009, hasa Pemba, watu wengi walilalamika kwamba wamenyimwa karatasi za sheha, na bila karatasi hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna kura.

Funzo lake ni hili. Sharti la ukazi linaweza kuwa zuri kwenye karatasi, lakini nguvu yake yote iko mikononi mwa yule anayesema "huyu ndiye, huyu siye". Akiwa mtu mmoja, mlangoni, kimya kimya, sharti hugeuka kuwa fimbo. Kwa hiyo katika shule zetu kazi hiyo asiachiwe mwalimu mkuu peke yake, wala mtendaji wa kijiji, wala mwenyekiti. Ifanywe na mkutano wenyewe, mchana, mbele ya mtu anayehusika, naye apewe nafasi ya kujieleza.

Mafia tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, kwa sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Eneo lake ni kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji, na tangu hapo kuwa mkazi wa kijiji cha hifadhi au kuwa mgeni kumekuwa na maana kubwa katika ruhusa ya kuvua. Kwa hiyo mzee anaposema "huyu si mkazi" katika mkutano wa shule, wakati mwingine hofu yake haihusu shule kabisa. Anaogopa kwamba mgeni akikubaliwa leo katika kamati, kesho ataleta nyavu na kudai bahari. Hofu hiyo ina asili yake na haifai kuchekwa. Lakini mambo hayo mawili yatenganishwe, na itamkwe mbele ya wote na kuandikwa katika muhtasari wa mkutano: kuchaguliwa katika kamati ya shule hakumpi mtu haki ya bahari wala ya ardhi. Kunampa kazi tu.

Sasa tuwachukue watu wanne tuwapime.

Wa kwanza ni mvuvi wa dago. Watoto wake wanasoma hapa, nyumba yake iko hapa, naye hayupo miezi mitatu au minne kwa mwaka. Huyu ni mkazi, bila shaka yoyote. Swali la kumwuliza ni jingine: kikao kikiitishwa wakati yuko dago, itakuwaje? Kama vikao vitapangwa kwa kufuata kalenda ya bahari anayoijua, anaweza kuhudhuria vingi. Kama haiwezekani, ni afadhali aseme mapema.

Wa pili ni muuguzi aliyehamishiwa Kilindoni kutoka Mbeya. Ana mwaka mmoja na nusu kisiwani, na mtoto wake yuko darasa la tatu. Kwa kipimo cha mzalia hana lolote. Kwa kipimo cha mkazi ana haki sawa na mtu yeyote, na anayo faida nyingine, kwamba amezoea kuandika taarifa na kusoma hesabu. Akihamishwa, nafasi yake ijazwe na wazazi wachague mwingine. Sioni sababu ya kumfukuza leo kwa sababu ya uhamisho wa kesho.

Wa tatu ni yule bwana wa Temeke. Tusimdharau. Mara nyingi watu kama yeye ndio wanaotuma bati na saruji, na wengine wana moyo kweli kweli wa kuinua kwao. Lakini mchango una mahali pake na kura ina mahali pake. Aalikwe katika mkutano wa wazazi, ashukuriwe, asomewe matumizi ya fedha aliyotoa, hata aundiwe kamati ya marafiki wa shule huko Dar es Salaam. Kiti cha kikao cha kila mwezi apewe aliyepo.

Wa nne ndiye anayesahauliwa. Ni bibi. Wazazi wa watoto wako Dar es Salaam wanatafuta maisha, na wajukuu wanne wako kwake. Yeye ndiye anayewaamsha, anayewapikia uji, anayeitwa shuleni mtoto akiugua. Lakini mkutano ukianza, anaulizwa mzazi wa mtoto yuko wapi, na bibi anajibu "yuko mjini", na jina lake haliandikwi. Hapa ndipo inapofaa ile maana pana ya neno "mzazi" niliyowaombeni mliweke akilini. Anayelea ndiye mzazi mbele ya shule. Nyumba nyingi za Mafia zina bibi kama huyo, na kumtoa yeye ni kuwatoa wajukuu wote walio chini ya dari lake.

Basi napendekeza kwamba mkutano wowote wa wazazi, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, ukubaliane juu ya maswali matatu, na yaandikwe ubaoni kila mtu ayaone. La kwanza: una mtoto unayemlea katika shule hii? La pili: unalala wapi siku nyingi za muhula? La tatu: utaweza kuja kikaoni, na usipoweza utatoa taarifa kwa nani? Maswali haya yaulizwe kwa kila anayependekezwa, awe mzalia au mgeni, awe tajiri au maskini. Yakiulizwa kabla ya majina, yanakuwa kanuni. Yakiulizwa baada ya jina la mtu fulani kutajwa, yanakuwa vita juu ya mtu huyo.

Tena mkutano ukubaliane mapema kwamba mjumbe anayekosa vikao kadhaa mfululizo bila taarifa, wazazi watakaa na kuangalia kama nafasi yake ijazwe. Bila hilo, ukazi utapimwa siku moja tu ya uchaguzi, halafu utasahauliwa mpaka uchaguzi mwingine.

Namalizia na kijiji kile nilichoanza nacho. Muda wa kamati ulipokwisha, nilibahatika kuwepo tena. Safari hii mzee yule yule aliyemwita fundi mtu wa safari ndiye aliyeomba kusema kwanza. Alisema, "Tusiulizane nani wa hapa. Sote wa hapa. Nataka kujua nani atakuwepo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi." Watu wakanyamaza kidogo, kisha mikono ikaanza kuinuka. Mingi ilikuwa ya kina mama.

Fundi wa mashua alipopendekezwa, alisimama akasema kweli yake. Alisema amepata kazi nyingine Kivinje na hatakuwepo mpaka kusi ipungue. "Lakini mke wangu yupo," akasema, "na hao watoto kila siku yeye ndiye anayewapeleka." Mkewe akachaguliwa. Miezi michache baadaye nikasikia kwamba vyoo vimepata kuta na paa.

Ndugu wasikilizaji, muhula ujao katika shule nyingi wazazi wataitwa kwenye mkutano. Nendeni. Na mtakaposikia mtu anasema "huyu si mkazi", msikasirike wala msipige makofi. Mwulizeni kwa utaratibu: una maana hakuzaliwa hapa, au una maana hakai hapa?

Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo wakati kama huu.